Vita vya kiroho si kumsaka mchawi wa mtaani: Mkristo wa Dar asimame vipi?

Mzee wa Kimara (mleta mada)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Na kwa msioamini, habari za jioni, karibuni pia, mradi matusi yabaki nje.

Nimeuleta huu uzi kwa sababu nimechoka kusoma mabango. Kuanzia Ubungo mpaka Mbezi ni yale yale: kongamano la kuvunja madhabahu za ukoo, mkesha wa kung'oa mizizi, usiku wa kurudisha nyota iliyoibiwa. Nguzo ya umeme moja, juu kabandikwa mtumishi na suti yake, chini kuna kikaratasi cha mganga wa kurudisha mpenzi na kuongeza wateja dukani. Ukipita na daladala huwezi kujua ahadi ipi ni ya nani. Wote wawili wanakuahidi kitu kimoja: njoo nikuonyeshe anayekuloga.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili asiyetaka asipoteze bando. Naamini Shetani yupo. Naamini pepo wapo, na nimeshuhudia mtu akiombewa akafunguliwa. Lakini Mkristo anaanza kushindwa vita hivi siku ile anapoanza kumtafuta adui mwenye sura na anuani.

Sura ya 6 ya Waefeso, waraka wa mtume Paulo kwa Wakristo wa Efeso, wengi tumeikariri tangu shule ya Jumapili. Dirii ya kifuani, ngao, chapeo ya kichwani, upanga. Tatizo tunaruka mstari wa 12 ili tuwahi silaha. "Kwa maana kushindana kwetu sisi si juu ya damu na nyama." Sasa mama mkwe ni nini kama si damu na nyama? Shangazi wa Morogoro je? Yule mpangaji mwenzako mnayegombania LUKU na zamu ya kufagia uwani? Paulo kawatoa wote kwenye orodha ya maadui kabla hata hajaanza kuzitaja silaha moja moja, sisi tunawarudisha kila Ijumaa usiku tukisaidiwa na spika.

Na msidhani Paulo alikuwa anawaandikia watu wasioujua uchawi. Efeso ulikuwa mji wa uganga hasa. Someni Matendo 19. Kulikuwa na hekalu la Artemi, kulikuwa na mafundi wa fedha waliotajirika kwa kuuza vihekalu vyake, na kulikuwa na watoa pepo wa kuzunguka, wakiwemo wana saba wa Skewa ambao walijaribu kulitumia jina la Yesu bila kumjua mwenyewe. Pepo akawauliza wao ni akina nani, wakapigwa, wakakimbia uchi na majeraha. Baada ya hapo waumini wakaanza kuungama. Nasema waumini, soma mstari wa 18! Watu waliokwisha kuamini bado walikuwa na mambo yao ya gizani. Vitabu vya uganga vikachomwa hadharani, vikapigiwa hesabu, vikafika vipande 50,000 vya fedha. Kipande kimoja kilikuwa karibu sawa na ujira wa kibarua wa siku nzima. Hawakuviuza ili wapeleke fungu la kumi. Walivichoma.

Basi waraka wenye silaha za Mungu ulikwenda kwa watu wa mji huo. Ukitegemea Paulo awape mbinu za kumtambua mchawi, hakuna. Hakuna ramli ya Kikristo humo. Anachowaambia katika sura ya 4 ni kwamba waache uongo, mwibaji asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake. Halafu anatia mstari ambao mimi nauona ndio moyo wa jambo zima: "jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, wala msimpe Ibilisi nafasi." Nafasi ya Ibilisi, kwa mujibu wa waraka wenyewe, ni hasira iliyolala nawe kitandani. Si paka mweusi juu ya bati.

Nimekaa kwenye mabaraza ya usuluhishi ya kanisa muda mrefu. Wanaume wawili, ndugu wa tumbo moja, kiwanja cha urithi huko Kibamba. Kila mmoja anafunga na kuomba dhidi ya "roho ya ukoo". Kila mmoja anakesha kwenye kanisa lake. Hawajasalimiana tangu msiba wa baba yao. Aliyeshindwa vita hapo ni nani, na Shetani ana haja gani ya kutuma pepo kwenye nyumba ambayo kazi imeshafanyika?

Hata hizo silaha zenyewe si mali yetu. Isaya 59:17, ni Mungu mwenyewe anayevaa haki kama dirii na chapeo ya wokovu kichwani. Paulo ameyatoa huko mavazi ya Bwana akatuambia tuvae. Kwa hiyo hazinunuliwi, hazitumwi kwa namba ya simu, wala hazipatikani ndani ya chupa.

Karibuni. Nitajibu kadiri ninavyoweza, kesho sina zamu.

---

Kijana wa Gomz

Mkuu umeandika vizuri ila unaonekana hujawahi kulogwa wewe. Ngoja yakukute ndio utajua damu na nyama ni nini. Mimi kwetu tumezikana mfululizo, na anayefanya tunamjua, mpaka watoto wanamjua. Unataka tukae tu tunamwangalia?

---

Mzee wa Kimara

Kijana wangu, pole sana kwa misiba. Sikubezi hata kidogo.

Ila nikuulize: mmemjuaje? Kuna aliyeona, au kuna aliyeambiwa na mtu aliyeambiwa na mtumishi?

Chukua Ayubu. Alipoteza mali, akazika watoto wote kwa mpigo, akaoza mwili. Na kweli Shetani alihusika, sura mbili za mwanzo zinatuambia sisi wasomaji. Lakini Ayubu mwenyewe, kitabu chote chenye sura 42, hakuna mahali anapoambiwa kuhusu yale mazungumzo ya mbinguni. Hakupewa jibu la "nani kafanya". Waliokuwa na majibu ya haraka ni rafiki zake, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, akawaagiza waende kwa Ayubu awaombee. Kwa hiyo Mkristo anaweza kusimama bila kujua chanzo. Ni ngumu, najua. Lakini Ayubu alisimama hivyo hivyo.

Tena tuwe wakweli kuhusu mahali njia ya "tunamjua" inapoishia. Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho ya bibi aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kikavu maisha yake yote yatakuwa na rangi gani? Na ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kwa maneno ya waganga, mpaka Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Wengi wa waliofanya yale waliamini wanajilinda. Shetani alipata damu bila yeye kuonekana kabisa. Huyo mnayemjua, akidhuriwa kesho na vijana wa ukoo, mtakuwa mmeshinda vita gani?

Kaa nao mbali kama unaona kuna ubaya, hilo si dhambi. Usile kwao kama roho haitaki. Lakini jina lake usilipeleke kwenye maombi ya kufa.

---

Sina Dini Tena

Nyote mnapoteza muda. Biashara tu hii. Maji ya Kariakoo yanawekwa stika, yanauzwa kwa bei ya soda.

---

Mzee wa Kimara

Ndugu, kwenye hilo la stika hatutagombana.

Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, watu 20 walikufa kwenye ibada uwanjani wakikanyagana kuyakimbilia mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Walikuwa wanatafuta uponyaji na baraka, na wakazikwa. Mimi siku ile nililia kwa hasira. Na kabla ya hapo, mwaka 2011, taifa zima lilipanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500, magari kilomita na kilomita, wagonjwa wengine wakafia njiani. Mtu anaweza kuwa na nia njema kabisa, lakini sisi tuna kiu ya kitu cha kushika mkononi. Hirizi tumeivua kiunoni, tukaanza kuitafuta upya ikiwa na nembo ya kanisa: chumvi, udongo, kitambaa, stika ya nyuma ya bodaboda.

Yakobo 5 inataja mafuta, sawa. Wazee wa kanisa wanaitwa nyumbani kwa mgonjwa, wanamwomba Mungu, wanampaka. Mgonjwa hatoi hata senti, na wazee wenyewe ndio wanaopanda daladala kumfuata.

Kuhusu kama Mungu yupo, fungua uzi wako, nitakuja.

---

Nesi wa zamu ya usiku

Samahani naingilia. Naomba mleta mada aongezee kitu hapo kwa sababu sisi wodini tunapokea matokeo.

Mtoto ana kifafa, anatumia dawa vizuri, miezi inapita bila kuanguka. Mama anaambiwa kwenye maombi kwamba dawa ni kukosa imani. Anaacha. Tunaletewa mtoto degedege limefululiza, saa nane usiku, bajaji, mdomo una damu kwa kung'ata ulimi. Wakati mwingine wameshamtia kijiko mdomoni (jamani acheni kumtia mtu kitu mdomoni, mlazeni ubavu). Wenye VVU nao hivyo hivyo, "nimepona kwa jina la Yesu", dozi inaachwa, virusi vinapanda.

Na wale wanaosema wanakabwa usiku, unaamka macho yapo wazi lakini mwili haunyanyuki na unaona kama mtu kakukalia kifuani: hilo jinamizi linajulikana kitabibu. Ubongo umeamka kabla misuli haijaachiwa. Likija, jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu, linaweza kuachia. Ukiwa hulali vya kutosha linazidi. Mkesha Ijumaa, kazini Jumamosi, mkesha tena, halafu unashangaa?

Mimi ni mlokole kabisa, nisieleweke vibaya. Naomba kabla ya zamu na baada ya zamu.

---

Mzee wa Kimara

Dada nesi, Mungu akubariki, umesema vizuri kuliko mimi.

Naongeza moja tu. Timotheo aliachwa na Paulo huko huko Efeso, mji wa waganga. Alikuwa na tumbo linalomsumbua na kuugua mara kwa mara. Paulo angeweza kumwandikia amkemee roho wa tumbo. Alimwambia atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, 1 Timotheo 5:23. Na Trofimo, ambaye naye alikuwa Mwefeso, Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Mtume ambaye vitambaa vyake viliponya watu! Wala hakumtafutia Trofimo laana ya ukoo.

Kwetu, mtu akiletwa anapiga kelele, utaratibu ni huu: mchana, ndugu zake wawepo, mwanamke aombewe na akina mama wakiwepo, hapigwi, hafungwi kamba, haulizwi jina la aliyemtuma. Tukiuliza jina tumeshamgeuza pepo kuwa mpelelezi wetu, na tangu lini shahidi mwongo akaaminika? Na tunamuuliza kwanza mara ya mwisho alikula lini, alilala lini, ana dawa gani. Wengine wanaishia hospitali na tunaendelea kuwaombea wakiwa huko huko.

---

Mama Duka Tandika

Shikamoo mzee. Mimi nasoma tu siku zote leo nimejiunga ili niulize.

Nina duka la nafaka. Jumatatu nimefika kufungua nimekuta mlangoni yai limepasuliwa na kitambaa chekundu kimefungwa fundo, ndani kuna kama unga mweusi. Mwezi huu wateja wamepungua sana. Nimempigia mtumishi mmoja akaniambia ni jirani yangu mwenye duka la pembeni, na kwamba nitoe mbegu, yaani sadaka, ya laki tatu afanye maombi ya kurudisha wateja. Sijatoa bado. Duka sijalifungua vizuri, naogopa hata kukanyaga pale.

---

Mzee wa Kimara

Marahaba mwanangu. Asante kwa kuuliza kabla ya kutuma.

Laki tatu usitoe. Simoni yule mchawi alitaka kununua karama kwa fedha, Petro akamjibu kwa ukali, Matendo 8. Anayeuza naye hana tofauti.

Lile yai na kile kitambaa chukua ufagio na kizoleo, fagia, tia kwenye mfuko, tupa pamoja na taka nyingine. Osha na maji na sabuni kwa sababu yai bovu linanuka. Usikichome kwa sherehe, usiite watu waje kushuhudia. Omba kwa sauti yako ya kawaida, fungua duka. Aliyeweka alitaka uogope, na ukifunga duka umemsaidia. Paulo anasema Kristo alikwisha kuzivua enzi na mamlaka na kuzifanya mkogo (kioja cha hadharani) msalabani, Wakolosai 2:15. Hutakiwi kushinda tena hapo Tandika. Ni kutohama tu.

Sasa nikuulize kama baba. Mchele unauzaje kilo, na wa pembeni anauzaje? Daftari la madeni liko wapi, wangapi wamekopa na sasa wanapitia njia nyingine ili usiwaone? Na una mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa? Usiniambie hapa hadharani. Jiulize mwenyewe.

---

Mama Duka Tandika

Mkopo upo mzee. Na wanaodaiwa ni wengi, hata mama mchungaji yumo kwenye daftari 😭

---

Mhaya wa Tabata

😂😂 Mama mchungaji alipe mchele wa watu.

Lakini mzee umenikumbusha bibi yangu Bukoba. Wale wazee wa Uamsho wa Kikristo, uliotoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda ukatufikia, hawakuwa na maji ya upako. Vita vyao vilikuwa toba. Bibi alikuwa akisimulia watu walivyokuwa wakirudisha vitu: jembe la jirani, fedha ya tajiri wa kahawa, mtu anasimama mbele ya wenzake anasema niliiba hiki kwa fulani. Waliita kutembea nuruni. Walikuwa na ukali wao pia, walisumbua watu, siwatakasi. Ila kwa mtu ambaye ameshasema yote hadharani, Shetani atamshitaki kwa lipi?

---

Mzee wa Kimara

Hapo umepiga penyewe. Shetani ni mshitaki, na mshitaki anaishi kwa siri za watu. Ile kweli ya Waefeso 6, inayofungwa kiunoni kama mshipi, ndiyo hiyo.

Nami niseme kidogo juu ya kufunga kabla sijalala, maana najua Ijumaa watu wanaanza siku saba. Someni Isaya 58 kwanza. Watu walimlalamikia Mungu kwamba wanafunga na haoni. Akawajibu kwamba siku ya kufunga kwao ndiyo wanayowalemea watumishi wao. Dar hii kuna madada wa kazi hawajalipwa miezi mitatu na mama mwenye nyumba yuko mlimani anafunga na kuomba. Mlipe binti, halafu ukafunge.

Na msisimame peke yenu. Ngao ya askari wa Kirumi ilikuwa kubwa, ya mbao na ngozi, na ilifaa zaidi wakiungana, ya huyu ikimkinga na mwenzake. Zile jumuiya za mitaani, za asubuhi kabla watu hawajaenda kazini, watu nane kwenye viti vya plastiki na chai ya rangi, mnazidharau kwa sababu hazina spika. Lakini hao ndio watakaojua kwamba hujaonekana wiki mbili. Watu elfu kumi uwanjani hawatajua.

---

Kijana wa Gomz

Mzee nimekuelewa nusu. Nusu nyingine nitafikiria. Ila swali: mtu akikufanyia ubaya wa wazi, si wa kichawi, tumuombee tu?

---

Mzee wa Kimara

Wa wazi una serikali ya mtaa, una polisi, una mahakama. Paulo alikata rufaa kwa Kaisari, hakuona ni kukosa imani. Mshitaki kwa haki, na usiku mwombee. Vyote viwili vinakaa pamoja.

---

Mama Duka Tandika

Mzee nimefagia. Nimefungua saa mbili asubuhi. Mikono ilikuwa inatetemeka ila nimefungua. Nimeuza kidogo. Sasa niombe nini, mimi sijui maombi marefu.

---

Mzee wa Kimara

Hongera sana. Zaburi 27 asubuhi, Baba Yetu jioni, inatosha kabisa. Yesu mwenyewe jangwani alijibu mara tatu, na mara zote tatu kwa mistari mifupi ya Kumbukumbu la Torati. Ona pia kwamba Shetani naye alimnukulia Zaburi ya 91, kwa hiyo mtu kujua mistari si ushahidi wa lolote.

Halafu mwenye duka la pembeni. Humjui kwamba ndiye, umeambiwa tu na mtu aliyetaka laki tatu. Anaitwa nani? Tumtaje kesho jumuiyani, tumwombee heri yeye na biashara yake. Na ukipita asubuhi msalimie.

---

Mama Duka Tandika

Mama Zai. Nimeshamsalimia leo, akaniitikia, akaniuliza mbona jana sikufungua. Nikasema nilikuwa naumwa. Ila mzee nisikudanganye, bado simwamini.